Gambuti za Hamza

Neno lenyewe Mwanaidi alilisikia sokoni, akiwa anafunga karoti mafungu. Jirani yake Shamsa alilitoa kama mtu anayeulizia bei ya chumvi.

"Wale wa wodi ya akili siku hizi wanatolewa nje, eti walime. Mmoja kaingia msitu wa Magamba, mpaka leo hajaonekana."

"Nani kasema?"

"Si watu."

Mwanaidi alicheka, akaendelea kufunga. Lakini lile neno lilipanda naye mlima, likala naye, likalala naye. Mwanawe Hamza alikuwa kwenye wodi hiyo hiyo, na njia za msituni alizijua zote tangu utoto.

Jumamosi, siku yake ya kwenda wodini kila wiki, akampelekea mapeasi.

"Shikamoo, Mama Hamza," nesi Rahabu alimpokea.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wangu?"

"Tangu aanze kushuka bustanini anakula, analala. Jana kanifokea, eti kabeji zangu nimezibananisha kama abiria."

Mwanaidi akatabasamu. Hakuuliza kama kweli kuna aliyepotea, aliogopa jibu.

Bustani ya wodi ilikuwa na matope kwa ukungu, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka bila gambuti, kila mtu na zake kutoka nyumbani. Za Hamza zilikuwa chini ya kitanda. Mwanaidi akazitia kikapuni, akazifunika kwa kanga. Mkulima bila gambuti, aliwaza, atakwenda wapi?

"Zimetoboka," akamwambia Rahabu. "Napeleka zitiwe kiraka."

Kiraka hicho hakikuisha. Mara fundi anaumwa, mara fundi kashuka Mazinde msibani. Rahabu alimtafutia nyingine, lakini mguu wa Hamza ni mkubwa, hazikumwingia.

"Mama," Hamza alimtania, "huyo fundi kapanda mpira, anangoja mti ukue?"

Baadaye akaacha kutania. Kisha akaacha kuuliza. Chakula kikawa kinabaki kwenye sahani, naye analala kaelekea ukutani. Mwanaidi alirudi nyumbani akijiambia, ametulia.

Mpaka Rahabu alipomvuta pembeni. "Mama, niambie kweli. Viatu viko wapi?"

Mwanaidi alikuwa amechoka kutunga. Akasema yote.

Rahabu aliketi kwenye benchi. "Hakuna aliyepotea. Yule alipona, tukamruhusu. Kaka yake alikuja kumchukua, wakakatisha msituni kwenda kwao. Ungeniuliza tu, mama yangu."

Siku hiyo hiyo gambuti zikarudi. Mwanaidi alipiga magoti akamvisha mwanawe kama alivyomvisha alipokuwa mdogo. Mlango ulikuwa wazi, jua limepiga kabeji. Hamza akafika kizingitini, akayatazama matope kwa muda, akashika mlango.

"Kesho, mama."

Kesho yake akasema vile vile. Sasa Mwanaidi anakuja kila asubuhi kabla ya shamba, anakaa naye pale kizingitini, mgongo unamuuma, macho yamemwingia ndani kwa uchovu. Hamza bado hajashuka.

Mama mwenye mgonjwa wodini, epuka haya:

Usibebe neno la sokoni kabla hujamuuliza nesi.

Usimfiche mgonjwa viatu, wala sweta, wala chochote cha kumtoa nje.

Akiacha kuuliza habari za nje, usidhani ametulia.

Usitake afungiwe ndani ili wewe upate usingizi.

Ukishadanganya, usingoje Jumamosi kwenda kusema ukweli.