Moskvich na Msimu wa Pilipili

Mke wangu Donka hakukataa nilipomwambia nataka kununua Moskvich, gari la Kirusi la mwaka 1967. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Alikuwa amesimama kwenye sinki akimenya viazi, akaniuliza bila kugeuka:

"Linatembea?"

"Litatembea."

"Sijauliza kama litatembea. Linatembea?"

Lilikuwa halitembei. Lilikuwa na miaka ishirini na miwili bila kusogea hata hatua moja, ndani ya banda la kuku la mjane mmoja, kilomita nane kutoka Sevlievo, mji wa Bulgaria tunakoishi. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Nilipofungua mlango wa dereva, jogoo alitoka akinitukana kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo. Lakini bodi ilikuwa imenyooka, vioo vyote vizima, na rangi yake ya maziwa bado ilionekana chini ya uchafu. Mimi nilikuwa mpima ardhi wa wilaya kwa miaka thelathini na minne, na gari la kwanza la kazini kunibeba lilikuwa kama lile, rangi ileile. Nilikuwa kijana, nina ramani mapajani, dirisha liko wazi. Mtu akistaafu huanza kukumbuka vitu kama hivyo, na hapo ndipo matatizo ya nyumbani yanapoanzia.

"Haya," Donka akasema baada ya kiazi cha tatu. "Gereji ni yako mpaka pilipili zije. Zikija, gari litoke. Litoke lenyewe au libebwe na majirani, mimi sijali."

Ilikuwa Februari. Pilipili hoho huku kwetu huja Septemba, na kila nyumba huzichoma, huzimenya na kuzipika na nyanya kwenye sufuria kubwa mpaka ziwe lyutenitsa ya kula majira yote ya baridi. Gereji yetu ndiyo jiko la kazi hiyo. Nikahesabu miezi saba. Katika miezi saba, nikajiambia, mtu anaweza kujenga gari kutoka kwenye vijiko. Tukapeana mikono kama wafanyabiashara.

Kulifungua gari lote kulinichukua wiki mbili. Sikujua kwamba gari likifunguliwa huwa kubwa mara tatu. Gereji ikajaa, vipande vikaanza kuhamia nyumbani, kimoja kimoja, kama ndugu wanaokuja kusalimia na kisha wanalala. Kabureta ikakaa dirishani kando ya maua. Gia nikaiosha kwenye beseni la kuogea. Donka alivumilia. Alipitisha mguu juu ya bampa kwenda chooni.

Kisha nikapaka rangi ya fedha kifuniko cha juu cha injini. Kopo liliandikwa kwamba rangi hiyo huwa ngumu zaidi ikipata joto. Donka alikuwa ameenda sokoni na dada yake Velika. Nikatazama jiko la kuokea. Nalo likanitazama.

Mchana ule Donka aliingiza humo banitsa, ile ya unga mwembamba wa tabaka na jibini, na tukaketi mezani watatu. Velika akala vipande viwili, akauliza kama jibini ni ya duka jipya. Donka akatafuna mara moja, akaweka uma chini.

"Lyubene."

Mimi naitwa Lyuben. Akiongeza ile "e" mwishoni, hata paka hutoka nje.

"Umeoka nini kwenye jiko langu?"

"Kifuniko tu. Cha injini."

"Moto wa nyuzi ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Kwa muda gani?"

"Saa nzima."

Akafikiri kidogo. "Dakika arobaini zingetosha," akasema.

Nikadhani anatania, nikacheka. Velika akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Kwa wiki tatu nilikula chakula baridi, nimesimama, huku jiko limefungwa kwa kufuli ya baiskeli.

Agosti ikaisha. Gari lilikuwa limepakwa rangi upya na kung'aa kama sahani ya wageni, lakini halikuwa na milango, halikuwa na magurudumu, na injini ilikuwa bado juu ya meza. Nilianza kuamka mapema nikitazama bustani za watu, nikiziombea pilipili zao zichelewe kuiva.

Hazikuchelewa. Jumanne moja lori la Kosyo, jirani yetu mkulima, lilisimama getini na kilo mia na ishirini. Nilikuwa ndani nanywa kahawa, nikipanga maneno ya kuomba wiki mbili zaidi. Nilipotoka, nilimkuta Donka ameshaomba msaada wa Kosyo, na kazi ilikuwa imekwisha. Kreti za pilipili zilijaa mbele na nyuma, mahali pa viti, mpaka usawa wa madirisha. Nyanya zilikuwa kwenye buti. Chupa tupu zimepangwa mbele ya usukani, na kwenye usukani wenyewe amening'iniza kitunguu saumu.

"Uliniambia linabeba watu watano," Donka akasema. "Hebu tuone."

Kosyo akakumbuka ana kazi nyumbani, akaondoka haraka.

"Donka, rangi mpya hii! Umelikwaruza!"

"Nimekata nywele," akajibu.

"Nini?"

"Nimekata nywele. Umeona?"

Nikamtazama. Kweli zilikuwa fupi, zimeishia chini kidogo ya masikio. "Nimeona, mke wangu. Zimekupendeza sana."

"Nilikata mwezi wa sita."

Akaketi juu ya kreti, akajipangusa mikono kwa aproni.

"Wala si habari ya nywele. Unaongea na hili gari, mwanaume wewe. Nakusikia dirishani. Likikwaruzika unaliambia 'pole, mama.' Mimi mwezi uliopita nilijikata kidole, damu mpaka kwenye ubao, ukaniuliza kisu kiko wapi."

"Nilikihitaji kukatia gasketi."

"Najua ulikihitaji!"

Nilisimama pale na mafuta mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimejiandaa kugombana habari ya gereji, na kwa gereji nilikuwa na hoja. Kwa kidole sikuwa na hoja. Nikamwomba anionyeshe. Kilikuwa kimepona, kimebaki na mstari mwembamba mweupe. Nikakishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka akasema nimemchafua.

"Leo usiguse kitu," nikamwambia. "Lyutenitsa napika mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyechemsha yai likapasuka ukaita zimamoto?"

"Sikuita. Niliuliza namba yao tu."

Akacheka, ingawa hakutaka. Akanipa aproni yake, akavuta kreti hadi mlangoni, akaketi kunisimamia. Nikachoma pilipili mpaka ngozi zikababuka, nikazimenya, nikasaga, nikawasha moto chini ya sufuria kubwa, nikaanza kukoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Kazi ile ukisimama dakika moja inaungua. Uji ule mwekundu ulinirukia usoni, shingoni, kwenye miwani. Donka aliniongoza kwa kidole. Chumvi. Punguza moto. Koroga chini, si juu.

Lakini mikono ya mke wangu haijui kukaa bure. Baada ya saa moja nikasikia kitambaa kikichanika. Alikuwa amevuta kiti cha dereva kutoka kwenye kona, kile kilichochimbwa na kuku mpaka springi zikatoka nje, naye alikuwa anakipekua kama daktari.

"Hivi viti nani atavishona?" akauliza.

"Kuna mtu yuko Plovdiv."

"Mtu yuko Plovdiv." Alilirudia kama jina la ugonjwa. "Lyubene, mimi nimeshona mikoba ya ngozi kwenye karakana ya mji huu miaka thelathini na moja. Wake wa wakurugenzi walikuwa wananiuliza mimi kwa jina. Na wewe una mtu Plovdiv."

"Niliogopa kukuomba."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ungekataa."

"Ningekataa," akasema. "Halafu ungeniomba tena. Ndivyo watu wanavyofanya."

Nikaacha kukoroga, nikamgeukia rasmi, mwiko mkononi. "Donka, tafadhali, utanishonea viti?"

"Hapana."

"Nakuomba."

"Nitafikiria. Inaungua."

Na kweli iliungua, safu nzima ya chini. Tulipata chupa sitini badala ya themanini, zenye harufu ya moshi, na mpaka leo Velika husema hajawahi kula nzuri kama ile. Lakini Velika, kama mlivyoona, si wa kutegemewa.

Kuanzia siku hiyo gari lilibaki gereji, ila halikuwa langu tena. Donka alileta cherehani yake nzito chini kutoka darini. Alirudisha ngozi ya kwanza dukani kwa sababu wekundu wake ulikuwa, kwa maneno yake, wa viatu vya sarakasi. Alifumua mshono mmoja mara tatu kwa kosa ambalo mimi sikuliona hata kwa miwani miwili. Alinipa kazi ya kupima sponji, akapima tena nyuma yangu.

"Mpima ardhi gani wewe? Umekosea sentimita mbili. Ndiyo maana mipaka ya kijiji cha dada yangu imekaa vile."

Theluji ilipoanguka tulikuwa tunafanya kazi pamoja gerejini, jiko dogo la kuni linawaka, yeye na viti, mimi na injini, redio katikati. Tuligombana habari ya kituo cha redio. Tuliongea mambo ambayo hatukuwa tumeyaongea tangu mabinti zetu waolewe. Aliponiambia siku moja kwamba anataka kufupisha tena nywele, niliacha spana, nikatoa maoni marefu sana. Akaniambia inatosha.

Mwezi wa tano gari likapita ukaguzi. Viti vilikuwa vyekundu vilivyokolea, mishono yake imenyooka kuliko barabara yoyote niliyowahi kuichora. Sheria ya viti ilikuwa moja: mtu mwenye ovaroli haketi. Mimi mwenyewe nililiendesha gari langu hadi kwa mkaguzi nikiwa nimekalia gazeti.

Jumapili ya kwanza ya Juni tulitoka kwenda matembezini milimani, na tukiwa tunarudi, kabla ya kijiji kimoja kilichoko bondeni, tukakuta daraja limezibwa. Gari refu jeupe la kukodi la harusi lilikuwa limepanda nundu ya daraja na kukwama kwa tumbo, magurudumu ya mbele na ya nyuma yote yanaelea. Nyuma yake gari la wapiga muziki halikuweza kupita. Bibi harusi alikuwa amesimama barabarani kashika gauni kwa mikono miwili, baba yake akimpigia kelele dereva, na kengele za kanisa zilikuwa zinalia nyuma yetu, upande wetu wa daraja, kilomita tatu.

Mimi nina kasoro hiyo: nikiona gari limekwama, nalala chini yake. Nikaingia na jeki yangu. Palikuwa na matope. Nilipotoka, nilionekana kama kiazi kilichochimbuliwa.

"Halitoki sasa hivi," nikatangaza. "Mtu atafute mbao. Bibi harusi aje na sisi."

Wakavuka daraja kwa miguu: bibi harusi, mama yake, na msimamizi wa harusi na mkewe. Hao ni wanne. Nikafungua mlango wa dereva.

"Unakwenda wapi?" Donka akauliza.

"Kuendesha."

"Hivyo ulivyo? Kwenye viti vyangu? Kando ya gauni jeupe?"

"Sasa nani ataendesha?"

Akanyoosha mkono, akataka funguo. Leseni alikuwa nayo tangu ana miaka ishirini na mmoja, na gari la mizigo la karakana alilipeleka mara nyingi mpaka Gabrovo na kurudi, ila tukiwa pamoja usukani ulikuwa wangu tu. Hatukuwahi kuulizana kwa nini. Akasogeza kiti mbele, akatengeneza kioo, akamwambia bibi harusi, "Binti, kunja gauni, usiogope, hapa ni pasafi kuliko kanisani." Akageuza gari kwa mara moja kwenye barabara nyembamba ile, wapiga muziki wakashangilia, akapotea kwenye kona akipiga honi.

Sisi tuliobaki tulihangaika na mbao, hatukufanikiwa, tukaamua kutembea. Nilitembea kilomita tatu kwenye jua kando ya mpiga ngoma, mtu mnene aitwaye Hristomir, ambaye kila nusu kilomita alinipa ngoma nimbebee na kila nusu kilomita alinisimulia ndoa yake. Tulipofika, ibada ilikuwa imekwisha. Uwanja wa kanisa ulijaa watu wameshikana mikono katika mstari mrefu, wanacheza horo kwa klarineti moja ya kuazima. Mbele kabisa, na leso mkononi, alikuwa Donka. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Nilimtazama kutoka getini nikiwa na matope yangu, nikasahau kwa muda kuulizia gari liko wapi.

Aliniona, akanivuta mstarini.

"Umechelewa! Sikiliza, mama wa bibi harusi ana mpwa wake anaoa Oktoba. Wanataka Moskvich. Nimeshakubali."

"Umekubali nini?"

"Kuendesha."

"Na mimi je?"

Akanitazama kutoka juu hadi viatuni, bila kukosa hatua.

"Wewe utaosha gari, mume wangu."

Hristomir, aliyekuwa ndiyo kwanza anafunga mkanda wa ngoma yake, alicheka mpaka akapiga pigo lisilo lake, na mstari mzima tukakanyagana miguu.