Nani Anacheza na Nani?

Jamani, Nesi alikubali kusaidia kwenye dansi la kanisa kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa kiti cha nyuma cha gari, imenuna, imefunga mkanda.

Sababu hiyo ni Kitinda, binti yake wa mwisho. Kitinda ni mtu wa maabara, kasoma akasomeka, na kazini wamempa uhamisho wa kwenda tawi la mbali, mbali ile ya kulala njiani. Yeye anautaka uhamisho kwa mikono miwili. Mama yake hataki hata kuusikia ukitajwa. Wamebishana jikoni wiki nzima, vifuniko vya sufuria vinapigwa kama matoazi, mpaka Kitinda akaweka sharti.

"Mama, nitakuja kwenye hilo dansi lenu la wasio na wachumba. Akitokea mwanamume hata mmoja akaniomba kucheza, atamke kwa mdomo wake mwenyewe, nabaki nyumbani. Asipotokea naondoka, na hutaninunia."

"Nimekubali," Nesi akasema haraka haraka, maana moyoni alishajihesabia ushindi. Mtoto mzuri vile, ana kazi, ana meno yote, akose wa kumwomba? Vijana wa siku hizi ni vipofu?

Mumewe hakuambiwa kitu, si uhamisho wala sharti; makelele ya jikoni alidhani ni ya mapishi. Mumewe ni Afande, trafiki mstaafu, na Afande ukimpa siri anaitangaza huku akiielekeza kwa mikono.

Basi wakafika ukumbini jua bado kali. Viti vya plastiki vimesukumwa ukutani, michoro ya watoto wa shule ya Jumapili imebandikwa kila mahali, na Mama Mchungaji yuko mlangoni anagawa kazi.

"Nesi, wewe vinywaji. Afande, wewe nidhamu. Ukiona wanakaribiana kupita kiasi, watenganishe. Kwa upole, Afande."

"Waachane umbali gani?"

"Eh… umbali wa heshima."

"Heshima ni futi ngapi?"

Mama Mchungaji akakumbuka ghafla kuwa ana shughuli jikoni.

Nesi akajipanga nyuma ya meza ya soda. Nusu ya vijana wale aliwahi kuwachoma sindano wakiwa wadogo, kwa hiyo walipokuja kuchukua chupa walimwamkia kwa adabu zote na kurudi kinyumenyume. Hakujali. Macho yake yalikuwa kwa Kitinda, aliyesimama karibu na dirisha na gauni lake la bluu, anatafuna biskuti kama mtu anayesubiri zamu hospitali.

Muziki ukaanza. Nesi akashika ukingo wa meza akisubiri wanaume wavuke ukumbi, wasimame mbele ya wasichana, wainame kidogo, waombe. Ndivyo yeye alivyoombwa na Afande enzi zao, jasho likimtiririka yule mwanaume mpaka kwenye kola.

Hakuna aliyevuka. Wote waliingia katikati kwa pamoja, kama maji yaliyomwagwa, wakafanya duara, wakaanza kuruka. Kitinda naye ndani, biskuti mkononi! Mwenye shati la njano alikuwa mbele yake lakini kaangalia ukuta. Mpiga kinanda wa kwaya alikuwa nyuma yake lakini kafumba macho. Wasichana wanarukiana wao kwa wao. Nesi akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hali ni ile ile.

Msichana mmoja akaja mezani anahema.

"Mwanangu," Nesi akamvuta, "yule wa shati la njano anacheza na nani?"

"Hachezi na mtu, mama. Anacheza tu."

"Na wewe ulikuwa unacheza na nani?"

"Na wote."

"Nani alikuomba?"

"Kuniomba nini?" Msichana akashtuka, akaishika pochi yake vizuri, akaondoka na soda.

Sasa mtu anaombwaje mahali ambapo kuombwa kwenyewe hakupo? Afande naye akaja, kofia kaishika mkononi, uso umemkunjamana.

"Mama watoto, namtenganisha nani? Hakuna aliyeshikana!"

"Mimi nijulie wapi? Mimi mwenyewe natafuta walioshikana!"

Wakaangaliana kama watu walioshuka kituo siyo chao.

Mara fundi wa spika, kijana mrefu mpole, akasimama mbele ya meza. "Shikamoo mama. Samahani, nina ombi."

"Marahaba baba! Omba, omba usiogope, yule pale wa gauni la bluu…"

"Naomba nisogeze meza. Waya haufiki."

Akasogeza meza, akamwacha Nesi amesimama peke yake na kifungulio cha soda.

Hapo ndipo Afande alipochoka kukaa bure. Vijana wawili waligongana katikati ya ukumbi, wakashikana ili wasianguke, na yeye alikuwa ameshaona kazi. Akatoa filimbi yake ya zamani mfukoni. Priiiiii! Ukumbi mzima ukaganda. Akanyoosha mkono huu, hao waende kule. Akanyoosha ule, hawa waje huku. Vijana wakatazamana, hawaelewi, mpaka mmoja akapiga kelele: "Ni mchezo! Filimbi ikilia unabadilisha mwenzako!"

We! Ukumbi ulilipuka. Kila mtu akamdaka aliyekuwa karibu naye, wakaanza kucheza wawili wawili. Afande kuona hivyo akapuliza tena, wakabadilishana tena. Nesi akapiga makofi kwa furaha. Wawili wawili, hatimaye kitu anachokielewa!

Furaha haikudumu. Kitinda alimpata mpiga kinanda, na mpiga kinanda, wallahi, alifungua mdomo. Nesi aliuona mdomo ukifunguka. Priiiiii! Mpiga kinanda akachukuliwa na msichana mmoja aliyepamba ukumbi. Akaja mwingine mwenye ndevu nzuri, akamwinamia Kitinda sikioni. Priiiiii! Ndevu zikaenda.

Nesi akaacha soda akaingia katikati mwenyewe. "Baba watoto, acha hiyo filimbi!"

"Niache? Tangu nistaafu hakuna aliyenitii hata mbwa wa jirani! Waone wanavyokwenda!" Akapuliza.

Na Nesi, kabla hajageuka, akajikuta mikononi mwa shati la njano, anazungushwa.

"Wewe kijana," akasema huku akitafuta pumzi, "umemwomba yule binti kucheza?"

"Yupi, mama?"

"Wa bluu!"

"Ah, yule nimeshacheza naye sana."

"Nauliza ulimwomba?"

Kijana akafikiri kwa dhati. "Filimbi ndiyo ilinipa."

Sasa hiyo inahesabika au haihesabiki? Nesi alizungushwa mpaka pembeni akiwa na swali hilo hilo, na alipoachiliwa alikaa kiti cha kwanza alichokiona. Kitinda kacheza na karibu kila mwanaume, na hajaombwa na hata mmoja. Hajakosa wachezaji, na hajapata. Kichwa kilimuuma kama cha mtu aliyesoma karatasi ya dawa ya lugha asiyoijua.

Mwisho Mama Mchungaji akatokea jikoni, akainyakua filimbi, akaitia kwenye pochi yake na kufunga zipu. Fundi wa spika akatangaza wimbo wa mwisho, wa polepole. Na vijana wale wale waliokuwa wakirukaruka wakaona haya yote ya dunia. Mmoja akainamia simu, mwingine biskuti, mwingine kamba za viatu. Katikati akabaki Kitinda, anajipepea kwa kiganja, anacheka peke yake.

Afande akavaa kofia, akaivua. Akavuka ukumbi mzima, akasimama mbele ya binti yake, visigino pamoja.

"Binti," akasema, na ukumbi wote ukasikia, "naomba kucheza na wewe. Kama hujachoka."

Kitinda akacheka, akaweka mkono begani kwa baba yake. Wakaanza. Walicheza kama watu wanaoegesha lori mahali pembamba.

Nesi alikuwa amesimama hata hajui alisimama saa ngapi. Mwanamume. Ametamka. Kwa mdomo wake. Sharti lilisema lingine lolote? Halikusema! Akanyanyua mkono, "Aha!" iko kwenye ulimi, na hapo Kitinda akamwona juu ya bega la baba yake. Mtoto aliacha kucheka. Hakubisha, hakukunja uso, alimwangalia mama yake tu, miguu imesimama, kama mgonjwa anayesubiri majibu. Kama Nesi angesema abaki, angebaki. Ilionekana wazi.

Mkono wa Nesi ukabaki hewani. Akatembea mpaka kwao.

"Baba yako hahesabiki," akasema.

"Sihesabiki nini?" Afande akauliza.

"Wewe cheza."

"Mama," Kitinda akasema taratibu, "una uhakika?"

"Tangu nimeingia humu ndani sina uhakika na kitu chochote, usinichanganye zaidi. Huko kwenyewe kuna baridi?"

"Asubuhi ipo."

"Utachukua blanketi langu zito. Na usiniambie wana mablanketi huko, sijui wameyafua lini."

"Nani anakwenda wapi?" Afande akasimama kabisa. "Blanketi la nani? Jamani, nani anakwenda?"

Wakamjibu wote wawili kwa pamoja, huyu haya na yule yale, na Afande akamkanyaga binti yake mguu.