Kurasa Arobaini za Kapteni

Sisi watu wa kisiwa cha Niue hatufiki elfu mbili. Ukipiga chafya Mutalau, kufikia saa nne mtu wa Avatele, upande wa pili wa kisiwa, anakuuliza mafua yanaendeleaje. Ndiyo maana mpaka leo hakuna anayeelewa kwa nini Bi Mokahele, mkutubi wetu, aliweka daftari la Maoni ya Wasomaji mlangoni mwa maktaba na kubandika juu yake: USIANDIKE JINA, KUWA HURU. Kila mtu alikuwa huru, na kila mtu alijulikana.

Isipokuwa Hekau. Huyo, kwa mawazo yake mwenyewe, hakujulikana.

Hekau alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimaliza sekondari akatoka na maneno makubwa mengi, suruali moja ya kutokea, na kazi hakuna. Kwenye daftari alikuwa na miandiko miwili. Kwa mkono wa kulia, kwa kalamu ya kijani ambayo kisiwa kizima hakuna mwingine aliyekuwa nayo, alitoa maoni juu ya vitabu vya watu wazima, vile vinene vya kuzuia mlango usipigwe na upepo. Hivyo hakuvisoma. Alisoma nyuma ya jalada, akasimama dirishani kwa dakika mbili kama mtu anayetafakari, kisha akaandika. Kwa mkono wa kushoto, kwa penseli, herufi zikiyumba kama mbuzi aliyekula viazi vilivyochacha, aliandika juu ya vitabu vya watoto. Hivyo alivisoma vyote. Vingine mara tatu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na Hekau alivaa ile suruali ya kutokea. Sifa wa redio ya kisiwa alikuwa ametangaza kwamba anatafuta mtu wa kuendesha kipindi kipya cha vitabu, nusu saa kila Jumatatu, na kwamba atamchagua kutoka kwenye daftari lenyewe. Hekau aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Wenzake karibu wote walishapanda ndege kwenda Auckland. Yeye hakutaka kwenda. Alitaka kubaki kwao na apate sababu ya kuamka asubuhi, na kama sababu yenyewe ingesikika kwenye kila redio ya kila jiko kuanzia Liku mpaka Tuapa, nani angekataa?

Maktaba ilijaa watu kama kumi na tano, ambao kwetu ni umati. Sifa akafungua daftari, akakohoa kidogo.

"Nitaanza na haya ya wino wa kijani," alisema. "Yanahusu *Harusi ya Kapteni Dunstan*."

Hekau akatazama dari kwa unyenyekevu.

"'Riwaya hii pevu,'" Sifa akasoma, "'inaibua maswali mazito kuhusu nafsi na bahari. Lakini ni mwisho wake ndio ulionigusa zaidi. Mwandishi ameusuka kwa ustadi usio kifani. Nilipofunga ukurasa wa mwisho, nilikaa kimya kwa muda mrefu.'"

Watu nao wakakaa kimya. Hekau alidhani wamezidiwa na uzuri. Ndipo Bibi Fakahula, mjane wa kijiji cha Hakupu ambaye husoma huku akitafuna kipande cha muwa na kubishana na wahusika kwa sauti, akasimama pole pole akishika kiti cha mbele.

"Amesema mwisho?"

"Amesema mwisho, Bibi."

"Mwisho wa Kapteni?"

Minong'ono ikaanza. Mwalimu Tahafa, aliyestaafu lakini bado anasahihisha watu, akageuka. "Hekau! Wewe mtoto, umeupata wapi?"

"Nimepata nini, Mwalimu?" Hekau akauliza. Tangu lini wanajua ni yeye?

"Mwisho! Umeletewa nakala nyingine kutoka Auckland, ukanyamaza? Roho mbaya hiyo!"

Inafaa ieleweke kwamba kitabu kile kipo kimoja tu kisiwani. Na mwaka ule kimbunga kilipong'oa paa la maktaba, kurasa arobaini za mwisho zilikwenda na maji, jalada likabaki. Tangu hapo kila mtu aliyekisoma, na karibu wote wamekisoma, huishia ukurasa wa mia tano sabini na mbili, katikati ya sentensi, Kapteni akiwa mlangoni. Watu wamegombana juu ya harusi ile njiani kutoka kanisani. Mashemeji wamenuniana. Mtu mmoja tu kisiwani hakujua kwamba mwisho haupo, kwa sababu hakuwahi kufika hata katikati, na mtu huyo alikuwa amevaa suruali ya kutokea.

Bibi Fakahula alikuja mpaka alipokaa Hekau. Akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Machozi yalimlengalenga.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimekisoma mara tano. Macho haya hayatafika mara ya sita. Niambie tu. Nani alikuwa mlangoni?"

Hekau alimtupia Sifa jicho. Kazi ya redio ilikuwa pale mbele, na daftari mkononi mwake. Angesema chochote tu wangemwamini, nani angemsuta? Uongo mmoja tu ungempa ile nusu saa ya kila Jumatatu.

"Mlangoni..." alianza. "Mlangoni, Bibi, alikuwa bibi harusi."

"Bibi harusi yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

Hapo, hata mbwa wa Bi Mokahele aliyelala chini ya meza aliinua kichwa.

"Watatu," alisema Mwalimu Tahafa taratibu. "Wako watatu, Hekau. Toka sura ya pili."

Kuna watu ambao wakikamatwa hutafuta njia ya kutoka. Hekau alitafuta, akaona njia zote zimezibwa na mikono miwili ya bibi kizee, laini, yenye harufu ya muwa, iliyokuwa bado imemshika kwa matumaini. Hiyo ndiyo iliyomshinda.

"Sikukisoma, Bibi," alisema. "Nilisoma nyuma ya jalada. Na hilo lenyewe sikulimaliza, maana herufi ni ndogo."

Kicheko kilichopasuka pale nadhani kilisikika gatini. Mwalimu Tahafa aliegemea rafu ya historia, akafuta machozi. "'Nilikaa kimya kwa muda mrefu!'" alirudia. "Alikaa kimya! Ungeendelea tu kukaa, mwanangu!"

Bibi Fakahula hakucheka. Aliuachia mkono, akarudi kwenye kiti chake. Hekau akatamani sakafu ifunguke, ila sakafu ya maktaba ni mpya, ya saruji, msaada wa baada ya kimbunga.

Akainuka aondoke.

"Kaa kwanza," alisema Sifa, akifunua daftari. "Hapa kuna mtu mwingine wa penseli. Ameandika juu ya *Kaa Aliyesahau Tundu Lake*. 'Kitabu ni cha watoto lakini kaa si mtoto. Wenzake wote wamehamia jabali jingine. Yeye anazunguka akiulizia nyumbani, na nyumbani ni hapo hapo alipo. Ukurasa wa tisa usiusome mbele za watu.'" Akainua uso. "Huyu ndiye ninayemtaka. Ni nani?"

Mtu mzima akiri kitabu cha watoto? Hekau alikuwa na ndevu, ingawa ungeweza kuzihesabu.

"Kitabu hicho kimeazimwa mara saba," alisema Bi Mokahele bila kuinua macho kwenye kadi zake. "Mara zote na Hekau. Anasema ni cha mpwa wake."

"Mpwa wake yuko Auckland tangu Krismasi," alisema Bibi Fakahula kutoka nyuma.

Hekau akajikuna kichogo. Leo, aliwaza, kama ni kuvuliwa nguo, basi zimebaki soksi tu. "Ni mimi," alisema. "Na ukurasa wa kumi na mbili pia si wa mbele za watu."

Sifa alimpa kazi kwa sharti moja: asitamke neno redioni kabla hajamsoma Kapteni, kurasa zote mia tano sabini na mbili. Hekau alisoma siku tisa. Alisoma akipalia magimbi, alisoma akivutwa sikio na mama yake kwa kuunguza sufuria. Ukurasa wa mwisho ulimkuta amesimama barazani asubuhi: *Kapteni akafungua mlango, akamwona* — basi. Alipiga ukelele uliowafanya kuku wa jirani watage kabla ya wakati.

Jumatatu iliyofuata alifungua kipindi kwa kusoma maoni yake ya wino wa kijani, yote, pamoja na pale pa kukaa kimya. Kabla hajamaliza, simu ililia.

"Umefika?" ilikuwa sauti ya Bibi Fakahula, huku muwa ukisikika.

"Nimefika palipochanika, Bibi."

"Nani alikuwa mlangoni?"

"Yule mke wa kwanza. Hakufa. Ushahidi uko sura ya nane, kwenye glavu."

"Mwongo mkubwa wewe! Glavu ni za dada yake! Umesoma kweli, au umerudia jalada?"

"Bibi, chukua kitabu, fungua sura ya nane..."

"Nifungue nini nami kichwani ninacho? Njoo hapa Hakupu nikufundishe kusoma, na uje na muwa!"

Nyuma ya kioo cha studio, Sifa aliinua vidole sita. Ni watu waliokuwa wakisubiri kwenye simu, na wa kwanza, kwa ukali wa pumzi zake, alikuwa Mwalimu Tahafa.