Hadithi ya Mchana

Kila Jumamosi saa nne asubuhi nilitandika jamvi maktabani Malindi, nikawasomea watoto hadithi. Wazazi waliotoka sokoni walikaa nyuma, na nilipofika katikati nusu yao walikuwa wamelala, vichwa vimeegemea ukuta.

Masha wa Kakuyuni hakulala. Mkewe, Kahonzi, alikuwa amelazwa hospitalini, naye Jumamosi moja alikuja na binti yao Nyevu, wa miaka sita, wangojee saa ya kuwaona wagonjwa. Nilipoanza tu, mtoto aliziba masikio.

"Mwalimu, mwie radhi," Masha alisema. "Kwetu hadithi ni za usiku. Bibi yake kamwambia anayesikiliza mchana hufiwa na mamaye."

Nilicheka mbele ya watu. "Basi mji huu ungejaa mayatima!" Nikamshika Nyevu mikono, nikaishusha. "Sikiliza. Utanishukuru."

Alisikiliza. Mwishoni hata alitabasamu.

Kahonzi alifariki Jumanne.

Jumamosi iliyofuata Masha alirudi, amemshika mtoto mkono. "Hali, hasemi, hata machozi hana," aliniambia. "Jana tu kasema: 'Ni mimi.' Wewe si fundi wa maneno? Mtoe basi hilo ulilomtia."

Hoja nilikuwa nazo tele, na zote zilikuwa za watu wazima. Nikachuchumaa mbele yake.

"Nyevu, nani alisimulia?"

Akaninyooshea kidole.

"Nani alikushusha mikono?"

Kidole kilekile.

"Basi kosa ni la nani?"

Alishusha kidole. "Mamako yuko wapi?"

Nilifunga kitabu, nikawaomba wazazi radhi, tukaenda watatu hadi kwetu. Mama yangu, Bi Shekha, alikuwa uani akichagua mchele. Nilimweleza yote, pamoja na kicheko changu.

"Amin," alisema, "una ulimi wa wembe na akili ya kuku." Kisha akaweka ungo chini. "Njoo, mjukuu wangu, nishike. Huyu anasimulia mchana, na kusikia kila neno, mwaka wa pili sasa. Mwiko ungekuwa wa kuua, ungeanza na mimi. Nami ningali hapa, namtukana."

Nyevu alimgusa kiganja, halafu shavu. Akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza.

Ndipo akalia, kwa sauti, akimwita mamaye. Mama yangu alimpakata, asimnyamazishe. Masha, aliyekuwa kasimama mlangoni, akageuka kuutazama ukuta.