Kitalu Pembeni mwa Barabara Isiyokuja

Ofisini walimwita Rula, naye hakukasirika. Mtu aliyemaliza nusu ya umri wake akipima umbali wa kuta na mitaro hana haki ya kulalamika akibandikwa jina kama hilo. Alikuwa afisa mipango na katibu wa kamati inayokaa kila mwezi kupitia maombi ya ujenzi na matumizi ya ardhi, na sifa yake ilikuwa moja tu: hapindishwi. Ukimwendea na maneno matamu anakupa kiti, anakusikiliza mpaka mwisho, kisha anakunyima vilevile.

Asubuhi hiyo ndiyo kwanza ametoka likizo. Kabrasha la kikao lilikuwa limeandaliwa na msaidizi wake, na Rula alilifungua akiwa wima, kikombe cha chai mkononi. Akapita ombi la kupanua duka la dawa. Akapita la mwenye ghorofa anayeomba ruhusa ya kuongeza ghorofa ambayo alishaiongeza zamani. Alipofika ombi la tatu, akakaa. Kitalu cha miche ya miti na maua, ndani ya hifadhi ya barabara, ardhi iliyotengewa barabara. Mwombaji alikuwa dada yake.

Dada yake wa toka nitoke, aliyembeba Rula mgongoni wakati mama yao amelazwa, na yeye mwenyewe bado mtoto. Jumapili walikula meza moja. Alimpakulia, akamcheka kitambi, akamuuliza habari za watoto na shule, lakini kuhusu kitalu hakufungua mdomo. Na hapo mahali Rula hakuhitaji ramani kupajua. Ndipo ilipokuwa nyumba ya dada.

Miaka kumi na kitu nyuma ilikuja barabara. Yaani, ilikuja kwenye karatasi. Mstari ukachorwa, nyumba zilizoguswa zikapigwa alama nyekundu, kamati ikakaa kusikiliza pingamizi. Rula wakati huo alikuwa mgeni kazini, shati limepigwa pasi mpaka linataka kukata mtu. Alisimama akatangaza kwamba mmoja wa wenye nyumba ni dada yake, akatoka ukumbini, akaenda zake kantini. Aliporudi pingamizi lilikuwa limeshatupwa, na wakubwa wakampa mkono kwa uadilifu wake. Jioni alimweleza dada kwamba kanuni haikumruhusu kukaa. Dada akasema, "Sawa."

Basi, ikawa hiyo. Hakununa, hakumsuta, hakuacha kumwalika. Lakini ile sawa ilimkaa Rula kooni kama mwiba wa samaki, haimezeki wala haitemeki. Barabara nayo? Tingatinga lilisafisha, likaondoka, na hadi leo hapajapita hata baiskeli ya maana. Majani, mbuzi wa watu, na takataka za wasioona haya.

Kikao kilianza kwa kuchelewa, kama kawaida yake. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu ya wajumbe, feni inayolalamika, na mabenchi ya wananchi. Dada alikaa benchi la mbele, amepakata mche mmoja kwenye kiriba cheusi cha plastiki, na chini ya kiriba ametandika gazeti asichafue nguo. Alimsalimu mdogo wake kwa macho tu, kama unavyomsalimu mtu aliye kazini. Lo, hata hilo lilimuuma.

Ombi la tatu liliposomwa, Rula alisimama.

"Mwenyekiti, natangaza maslahi. Mwombaji ni dada yangu."

"Imepokelewa," alisema mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ambaye hakuwa na muda wa kupoteza. "Tupishe, tafadhali."

Watu wakageuka kutazama mlango. Njia ya mlangoni ilipita mbele ya benchi la dada, na dada, bila hata kuinua uso, alirudisha miguu nyuma ampishe apite. Alifanya hivyo kwa upole, kama mtu aliyezoea. Rula aliiona ile miguu inarudi nyuma. Hakupita. Akakaa pale pale, pembeni yake.

"Rula, mlango ni ule," alisema mwenyekiti, na wawili watatu wakacheka.

"Kanuni inanitoa mezani, Mwenyekiti. Hainitoi ukumbini. Ndugu wa mwombaji anaweza kusikilizwa kama mwananchi mwingine yeyote, ila hapigi kura."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipoandikwa."

Neno likishatoka halirudi. Dada akageuka akamtazama, taratibu, akipiga hesabu ya miaka. Rula aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Angeweza kukaa siku ile. Kanuni haikumfukuza, yeye ndiye aliyeikimbilia.

Mhandisi wa barabara alikohoa, akaanza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameumwa na mengi. "Mimi na miche hatuna ugomvi," alisema. "Ila safari yake naijua. Leo viriba. Kesho kibanda cha kuwekea majembe. Keshokutwa kibanda kina kitanda na pazia. Siku barabara ikija, nani atamtoa mama huyu? Mimi nasema tukatae."

Dada akainua kiriba chake juu kidogo. "Nyumba haikubebeka, mheshimiwa. Hivi vinabebeka. Ndiyo maana nimeomba kitu cha kubebeka. Mkiniambia kesho nitoke, kesho naazima mkokoteni."

"Wote husema hivyo," mhandisi akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Mwenyekiti akatazama wajumbe, wajumbe wakatazama karatasi zao. Rula alizijua sura zile. Hapo ombi lilikuwa limeshakufa, limebaki kuzikwa tu. Akasimama tena.

"Mama huyu mimi namjua," alisema. "Siku ya kubomoa nilikuwepo. Nilikuwa kwenye gari la ofisi, pale kona, nimepandisha kioo. Sijapata kumwambia mtu. Alikuwa ameshatoa vitu vyote, na milango ameing'oa kwa mkono wake. Tingatinga linanguruma nje, yeye yuko ndani na ufagio. Anafagia. Akafagia sebule, akafagia vyumba, akaja mpaka kizingitini. Alipomaliza akatoka, akampa dereva ishara aanze." Akamgeukia mhandisi. "Mtu kama huyo, mhandisi, humfukuzi. Unamwambia tu."

Akakaa tena. Dada hakumtazama. Vidole vyake vilikuwa vimekibana kiriba hata udongo ukawa unamwagika kwenye gazeti. Mhandisi alichezea kalamu yake, kisha akasema kwamba kama hakutakuwa na kibanda cha aina yoyote, na kama mwombaji atahama pindi atakapoambiwa, yeye hana la zaidi. Mikono ikainuliwa, ombi likapita. Wa Rula ulibaki mapajani.

Walitoka pamoja wakashuka ngazi za nyuma. Rula ndiye aliyebeba mche, na udongo ulimchafua shati, akauacha.

"Sikujua kama ulikuja," alisema dada.

"Nilikuja."

"Sasa mbona hukushuka?"

Rula alitafuta kanuni ya kuegemea, hakuipata hata moja. "Niliona aibu, dada."

Dada alishika ukingo wa ngazi, akasimama.

"Ile nyumba ilikuwa safi," alisema. "Nilikuwa nimeshaifagia alfajiri, kabla hawajafika. Ulivyoniona pale nilikuwa naifagia mara ya pili. Dereva ananiharakisha, nami namwambia ngoja kidogo baba, mdogo wangu yuko njiani."