Kondoo Aliyefichwa kwa Mtakatifu Modesto

Mafuriko yalipotuchukulia nusu ya kundi, bibi alisema Mungu ametuachia nusu. Alisema hivyo akiwa amesimama kwenye matope yaliyomfika magotini, leso nyeusi kichwani, ameikumbatia picha ya Mama wa Mungu aliyoiokoa kabla hajaokoa hata viatu vyake. Bibi Polikseni, mama yake baba yangu, ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia paa limeanguka, atakuambia basi sasa tunaziona nyota.

Na paa lilianguka kweli. Majira yale ya baridi tulihamia zizini, sisi wanne na kondoo, kwa sababu zizi lilikuwa juu kidogo na mabati yake yalishika. Mama yangu, Vaia, alitandika magodoro nyuma ya mapipa ya maziwa.

"Haya, tumekuwa Familia Takatifu," alisema. "Hori tunalo, kondoo tunao. Punda tu ndiye tuliyemkosa."

"Humwoni? Si ndiye uliyeolewa naye," baba akamjibu.

Tulicheka mpaka kondoo wakashtuka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu hatukucheka vile tena.

Baba anaitwa Zisis. Alikuwa mfugaji, mtoto wa mfugaji, na katika tambarare yetu ya Thesalia hakuna aliyewajua kondoo kumshinda, ila labda Stergios, jirani yetu, ambaye zizi lake liko chini ya kilima cha kikanisa cha Mtakatifu Modesto. Huyo Modesto ndiye mwombezi wa wanyama. Stergios na baba walibishana tangu utotoni, nani jibini yake tamu zaidi, nani mbwa wake mwerevu zaidi. Mkewe Stergios, Zoitsa, ndiye mama yangu wa ubatizo. Kwetu huo ni undugu mkubwa kuliko undugu wa damu.

Mwaka uliofuata, nyumba ikiwa imeshaezekwa, ikaja ndui ya kondoo. Tulianza kuisikia kwa mbali, vijiji vya upande wa bahari, halafu vya ng'ambo ya mto. Sheria yake inajulikana: kondoo mmoja akiumwa, zizi zima linauawa. Baba akamwaga chokaa langoni, akaweka beseni la dawa ya kukanyagia, akakataza mtu yeyote kuingia. Hata padri alipokuja kubariki, baba alimzuia langoni.

"Padri Anthimo, nisamehe. Hiyo baraka irushe kutoka hukohuko. Viatu vyako sijui vimekanyaga wapi."

Padri akacheka, akarusha maji ya baraka juu ya ukuta, mengine yakamwangukia mbwa.

Asubuhi moja mama alikuwa anakamua, mara mikono yake ikasimama. Alikuwa amegusa kitu kigumu kwenye kiwele, kama punje ya dengu chini ya ngozi. Akamgeuza kondoo, akatazama chini ya mkia. Kisha akanawa mikono, akampigia simu daktari wa mifugo yeye mwenyewe, maana alijua baba hataweza.

Walikuja siku ya pili wamevaa mavazi meupe ya plastiki, na tingatinga la kuchimba shimo. Bibi hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri, tukadhani amekwenda kanisani asishuhudie. Daktari, msichana mdogo tu, alimwambia baba akae ndani.

"Hawatakufuateni nyinyi," baba alisema. "Wataogopa. Niacheni niwalete."

Akawaleta. Alipiga mluzi wake ule wa kila siku wa kuwapeleka malishoni, akatangulia, nao wakamfuata. Hilo ndilo lililomvunja baba yangu. Angewavuta kwa kamba, wakagoma, wakampiga mateke, pengine angepona. Lakini walimfuata kwa hiari, kengele zinalia, mpaka mlangoni pa kifo.

Jioni shimo likafukiwa. Baba akaketi kwenye ngazi za nyumba, na ni kama hakuinuka tena. Aliamka saa ileile ya kukamua, akavaa buti, akaketi. Jumapili ikafika, mama akamwekea shati safi la kanisani kitandani. Baba akalikunja, akalirudisha kabatini.

"Nikamwambie nini?" alisema. "Kwamba ahsante?"

Mama akapata kazi ya kumenya pilipili katika kiwanda cha makopo, akirudi vidole vimevimba na macho mekundu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule; nikawa nakwenda naye. Bibi peke yake ndiye aliyeonekana mzima. Kila alasiri alichukua kikapu akapanda kilimani kwa Mtakatifu Modesto kuwasha taa ya mafuta, akarudi mashavu yamepata rangi. Mimi nilidhani ni imani.

Kisha siku moja tukiwa mezani, mbele yetu maharage na mkate, bibi akaweka bakuli mbele ya baba na kulifunua. Maziwa.

"Kunywa."

Baba alilisogeza bakuli puani. Mtu aliyeishi na kondoo maisha yake yote, huwezi kumdanganya kwa maziwa ya dukani.

"Ni Kanela," alisema, akimtaja kondoo wetu mmoja.

"Ni Kanela," bibi akajibu. "Yumo chumba cha nyuma cha kikanisa. Na amezaa."

Mama akajishika kinywa. Baba akasema taratibu kwamba siku ile alipowapigia mluzi alijua Kanela hayumo. "Nilidhani umempeleka kwa mtu. Sikutaka kuuliza."

"Nilimpeleka kwa Modesto," bibi alisema. "Nilimwambia, hawa wote wachukue, huyu nitunzie. Akanitunzia. Hana hata kipele, Zisis. Nimempapasa mwili mzima."

Baba akainua bakuli akanywa mpaka mwisho, na machozi yakawa yanaingia humo humo.

Mama alikuwa wa kwanza kusema lililopasa kusemwa. "Na Stergios je? Zizi lake liko chini pale. Kondoo wake bado wazima."

"Mgonjwa angeshaonyesha," baba alijibu. Alijibu haraka mno.

Nitasema ukweli, zile zilikuwa siku njema. Baba alinyoa ndevu. Alipanda kilimani kwa kupokezana na bibi, akarudi akisimulia jinsi kale kakondoo kanavyorukaruka kati ya mishumaa. Jumapili moja alilivaa lile shati. Kanisani bibi alimshika mkono kama bwana harusi.

Wiki iliyofuata baba alinichukua twende wote. Kanela alikuwa amelala, na hakuinuka alipotuona. Macho yalikuwa yanatiririka, midomo imevimba. Kondoo mdogo alikuwa anamsukumasukuma kiweleni naye anamkwepa. Baba akapiga magoti, akainua mkia, akatazama. Kisha akaketi chini palepale kwenye saruji.

Bibi alikuwa ametufuata nyuma, anahema. "Ni miiba," alisema mlangoni. "Jana nilimlisha majani yenye miiba."

"Mama, si miiba."

"Nimemwombea! Kila siku nimemwombea hapa hapa, mbele yake." Akanyoosha kidole kwenye picha ya mtakatifu. "Unataka kumfanya mwongo?"

"Stergios ana kundi zima hapo chini, mama."

"Ngoja mpaka kesho. Kesho tu, mwanangu. Huenda akaamka mzima."

Baba alimtazama mama yake, na nikaona kwamba anatamani sana kungoja. Kisha akatoa simu, akampigia daktari.

Hakumwachia daktari kazi ya kumwambia Stergios. Alishuka mwenyewe, akasimama mbali na lango, nami nyuma yake, akamwita. Stergios akatoka anafuta mikono, Zoitsa nyuma yake.

"We Zisis! Umefufuka? Njoo basi, nimekuchemshia kahawa."

"Usisogee," baba alisema. "Tulikuwa na kondoo kule juu. Kanisani. Ana ndui."

Stergios hakuelewa mara moja. Alitazama kilima, akatazama zizi lake, akamtazama baba.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na nyinyi mmekuwa mkipita hapa. Kila siku. Mama yako alisimama hapa juzi, akaniombea heri na kondoo wangu."

"Stergios, tulidhani ni mzima. Padri atakuja kubariki zizi lako, nami nitakuletea chokaa…"

"La kuvunda halina ubani," Stergios alisema, na akaingia ndani.

Vipele vilionekana zizini kwake kabla wiki haijaisha. Yule daktari msichana alisema huenda ni Kanela, huenda ni lori la chakula cha mifugo lililopita vijiji vyote, hakuna atakayejua kamwe. Lakini sisi tulijua tulichokifanya, na Stergios alijua, na huenda sisi sote tulikosea kudhani ni Kanela. Hilo nalo hatutalijua.

Siku watu wa mavazi meupe walipofika kwa Stergios, mama alisema, "Tutakwenda wote." Bibi alisema hawezi. Mama akamvalisha viatu. Tukasimama barabarani, wanne, mbele ya macho ya kijiji.

Zoitsa akatuona. Alinijia mimi tu, akaniwekea mkono begani. "Aglaia, rudi nyumbani, mwanangu. Wewe nakuombea. Hawa wengine sina la kuwaambia."

Ndani kulikuwa na fujo. Kondoo walikuwa wanagongana ukutani, watu wanawavuta, na Stergios ameshikilia nguzo, anafungua mdomo wala sauti haitoki. Baba akalitazama hilo. Kisha akavuka lango, hakuomba ruhusa, akaenda katikati ya zizi, na kupiga mluzi. Hakupiga mluzi wake. Alipiga wa Stergios, ule wenye kupanda mwishoni, ambao walikuwa wakichekana nao tangu utotoni. Kondoo wakatulia. Wakamfuata.

Stergios alimwacha afanye mpaka mwisho. Walipokwisha, alimsogelea baba karibu kabisa.

"Ahsante," alisema. "Sasa usinisalimie tena njiani."

Baba akaitikia kwa kichwa.

Bibi alikwenda kuungama. Padri Anthimo alimwambia Mungu amemsamehe, arudi kwenye ushirika mtakatifu. Hakurudi. Kila Jumapili anakwenda, anasimama nyuma, na watu wakienda kupokea yeye anatazama sakafu. Nilimuuliza kama bado anasali.

"Nasali," alisema. "Lakini siombi kitu."

Baba humshika mkono kwenye ngazi za kanisa, maana magoti yake yamekwisha, na husimama naye mpaka mwisho wa ibada. Hafanyi ishara ya msalaba. Mama aliwahi kumuuliza kama imani imemrudia, naye akasema hapana, ila mama yake hawezi kusimama peke yake. Mama husimama upande wa pili wa bibi, na mimi nyuma yao, nimsukume mgongoni akilegea.

Stergios na Zoitsa waliuza vitu vyao wakahamia kwa mtoto wao, Ujerumani. Hawakuaga. Masika yalipofika, mvua ilinyesha vizuri kuliko miaka mingi, na majani yakaota tambarare nzima, marefu, mabichi, yanalala kwa upepo. Hakukuwa na wa kuyala. Baba akachukua fyekeo, akaanza kuyakata kuzunguka nyumba, nyoka wasije.