Upande wa Uzi Mwekundu

"Mbona leo umenipa chakula kidogo hivi?"

 Mdogo wake alinyoosha mkono akaizungusha sahani polepole. Kipande cha mkate na nusu ya yai vikatokea, vimepoa, havijaguswa.

"Kumbe vilikuwepo?"

"Vilikuwepo, dada. Kula, utachelewa kazini."

Akala huku anatikisa kichwa, kama mtu aliyefanyiwa kiinimacho. Tangu apate kiharusi, upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umeondoka bila kuaga. Macho hayakuwa na shida. Daktari aliyamulika na kusema ni mazima. Ni kichwa chenyewe kilichokuwa kinakataa kwenda huko. Alijipaka mafuta nusu ya uso na kutoka nje akijiona amependeza. Alijigonga bega mlangoni kila siku, na kila siku alishangaa upya.

Zamani jioni alikuwa anatarizi foronya. Alipopata nguvu kidogo alijaribu tena, akamaliza moja, akamkabidhi mdogo wake huku anacheka. Maua yote yalikuwa upande wa kulia, yamebanana kama watu waliokimbilia kibaraza kimoja mvua iliponyesha. Upande mwingine kitambaa kilikuwa cheupe tupu.

"Yametoka vizuri?"

"Mazuri sana, dada," mdogo wake alisema, halafu akaenda bombani kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Lakini foronya ni foronya tu. Kilichomuuma ni kusoma. Kiwandani walimwita Redio, na hilo jina hakulipata kwa umbea. Walikuwa wanawake wa kushona sare za shule, na yeye kazi yake ilikuwa vifungo. Wenzake walikuwa wanagawana mashati yake, kila mmoja anatia vifungo kwenye machache, ili yeye akae kwenye kiti kirefu na kuwasomea hadithi kwa sauti, juu ya kelele za cherehani. Msimamizi wa zamani alikuwa anajua. Aliona wanashona haraka zaidi wakisikiliza, akanyamaza.

Siku ya kwanza kushika kitabu baada ya kutoka hospitali, alikirudisha mezani kwa hasira.

"Hiki wamekichapa vibaya. Sentensi zinaanzia katikati."

Muuguzi wa chumba cha mazoezi ndiye aliyewapa ujanja: wekeni alama nyekundu ukingoni mwa ukurasa, kushoto, ili kichwa kijue ukuta uko wapi. Mdogo wake akachukua sindano, akashona uzi mwekundu kwenye kila ukurasa, kuanzia pale dada yake alipokuwa ameishia. "Kama hujauona uzi, hujafika," alimwambia. "Tafuta mpaka uuone, ndiyo uanze." Redio akawa anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole kinatambaa kwenda kushoto, kinagota kwenye uzi, ndipo mdomo unafunguka. Ukurasa mmoja ulimchosha kama kufua mablanketi. Lakini hadithi ilikuwa inaeleweka. Polepole ilikuwa inaanza kueleweka.

Kisha muuguzi akahamishwa. Chumba cha mazoezi kikafungwa, kikajazwa vitanda vibovu. Kwenye cheti cha Redio hospitali wakaandika kwamba amepona, anaweza kurudi kazini.

Asubuhi hii ya kwanza kurudi, alipoingia kiwandani, cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine.

"Redio imerudi hewani!" akapiga kelele Chumvi, mwanamke mnene ambaye hakuwahi kusimulia jambo bila kulikoleza. "Jamani, tulikuwa tumebaki na vichwa vyetu wenyewe, na humo ndani hamna kitu!"

Wakacheka, wakamkumbatia. Mmoja akalia kwenye kanga yake. Chumvi akamshika mkono ule wa kushoto, uliokuwa mlegevu, akauminya.

"Nasikia," Redio akamwambia. "Usiuvunje."

"Na yule mama wa hadithi je? Mwenye duka. Alikuwa anakwenda kumtafuta mume, wewe ukaanguka. Tumemwacha njiani mpaka leo. Hatukumruhusu mtu mwingine asome."

"Tutamfikisha," Redio akasema.

Msimamizi mpya akaja. Kijana wa shati jeupe, sauti ya taratibu. Akawaambia warudi kwenye nafasi zao, kisha akamwonyesha Redio meza.

"Mama, pole na kuumwa. Hapa siku hizi kila mtu na kazi yake, hakuna kugawana. Mwenye kiwanda anataka nikuangalie leo. Ukimaliza mashati ya mezani kwako, kesho uje kama kawaida. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Akaanza. Mkono wa kushoto haukuweza kubana kitambaa, ila uliweza kukilalia kama jiwe, na hilo lilitosha. Alitia sindano, akavuta, akazungusha, akakata uzi kwa meno. Kifungo cha kwanza kilikaa upande. Akakifumua. Cha pili kikakaa sawa. Alipomaliza shati la kwanza alilinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama kama vile ni mtoto amezaliwa. Jasho lilimtiririka mgongoni. Hakwenda hata msalani.

Chumvi alikuwa ameketi kushoto kwake. Mara kwa mara alikohoa. Alipunga mkasi hewani. Mwishowe akasema, "Redio! Huku! Angalia huku!" lakini cherehani zilikuwa zinanguruma, na mkono uliopungwa ulikuwa upande ule ambao haukuwepo. Msimamizi akageuka. Chumvi akainamisha kichwa.

Karibu na mapumziko, Redio aliweka chini shati la mwisho, akachomeka sindano kwenye kifua cha gauni, akakunja mikono. Alikuwa amechoka, lakini uso ulikuwa unang'aa.

"Nimemaliza," akamwambia msimamizi.

Kijana akatazama meza. Akanyoosha kidole kushoto.

"Mama, na haya?"

"Yapi?"

"Haya hapa."

Akageuza kichwa. Akaendelea kukigeuza, mpaka kidevu kikagusa bega. Kulikuwa na rundo la mashati limefika usawa wa kiwiko chake.

"Nani ameyaweka sasa hivi?"

"Yalikuwepo tangu asubuhi."

Akawatazama wenzake. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo alipojua kwamba ni kweli.

"Nipe mpaka jioni," akasema. "Sikuyaona tu. Nikiyaona nayafanya."

"Sina ubaya na wewe, mama. Ila nikikuacha, mimi ndiye nitaulizwa. Rudi ukipona."

"Hospitali wameandika nimepona."

"Basi waambie waandike hujapona."

"Chumba kimefungwa. Nitamwambia nani? Vitanda?"

"Hayo si ya kiwanda," kijana akasema, bila kumtazama, akaenda kuzima swichi kubwa ukutani. Ulikuwa muda wa mapumziko.

Kimya kikaingia. Redio akatafuta mkoba wake, akaupata kwa kuupapasa. Chumvi akabeba kiti chake, akazunguka nacho, akakaa upande wa kulia ambako ataonekana.

"Usiondoke hivyo," akasema. "Yule mama bado yuko njiani."

"Sauti yangu imekwisha, Chumvi. Na nasoma kama konokono."

"Kwani sisi tunakwenda wapi?"

Wakasogea wote, wengine wakakaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa. Redio akafungua kitabu. Kwa haraka ya kutaka kuwafurahisha akaanza: "Duka lake... ndani ya... jirani, mume..." Akasimama. Hakuna aliyesogea. Mtu akapiga kwikwi.

"Ngoja," akasema. "Nimekosea njia."

Kidole kikaanza kutambaa. Kilipita neno, kikapita jingine, kikasita pale ambapo yeye aliona ukurasa umekwisha, kikasukumwa mbele hata hivyo. Kikagota kwenye uzi.

"Mwanamke," akasoma. Akapumua. "Akafunga. Duka lake. Akatia ufunguo... ndani ya sidiria. Akasema, jirani, mume wangu akirudi, mwambie... aje autafute mwenyewe."

Chumvi akaangua kicheko cha kutingisha meza. Wote wakacheka, wakapigana mabega, wakafuta macho, na Redio naye akacheka, nusu ya mdomo ikipanda, nusu ikibaki chini.

"Endelea! Endelea, mama!"

Kidole kikarudi kutafuta mstari uliofuata. Kilikuwa bado kiko safarini msimamizi alipotazama saa yake na kuwasha swichi.

Cherehani zikaanza. Wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakarudi kwenye nafasi zao. Redio hakuinuka. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye uzi, na kama angekiondoa angeupoteza mstari. Akasoma. Zamani sauti yake ilikuwa inapanda juu ya mashine zote. Sasa haikufika hata kwenye ukingo wa meza. Msimamizi akaja, akasimama karibu naye, akamwambia jambo. Hakumsikia, au hakutaka. Midomo ilikuwa inacheza, inasimama, inacheza tena.

Chumvi alikuwa amerudi kwenye cherehani yake. Mguu ulikuwa unakanyaga, mikono ilikuwa inasukuma kola ya shati la mtoto fulani chini ya sindano, lakini macho yalikuwa kwenye ile midomo, yanajaribu kushika hata neno moja. Mshono ukaenda upande. Aliuona. Hakuufumua. Akakunja shati, akaliweka pamoja na mengine yaliyokamilika, akavuta lingine.